Sufuria Arubaini na Moja

Siku zilizobaki zilikuwa nne, na watoto arubaini na mmoja wa Gredi ya Tisa walikuwa hawajapika hata chai.

Mwalimu Raiya aliligundua hilo Jumatatu asubuhi, pale Joram alipobisha mlango wa ofisi akaingia na daftari kifuani, uso umemshuka kama aliyetumwa kupeleka habari za msiba. Joram alikuwa mwalimu wa upande wa junia, yaani sekondari ya chini, kijana wa Jilore, mtaratibu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Alisomea hesabu na fizikia. Lakini mwalimu wa Kilimo na Lishe alihamishwa muhula wa pili na hakuletwa mwingine, somo likabaki linatafuta wa kulibeba, likamwangukia Joram kwa kuwa ndiye peke yake asiyejua kukataa.

"Madam," akasema, "zile alama za mapishi mwisho wake ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo mtandao unafungwa."

"Si uziingize basi?"

Joram akalitazama daftari. "Hazipo, Madam."

"Hazipo vipi?"

"Watoto hawajapika. Kufundisha nimewafundisha yote. Viini lishe, usafi wa jikoni, namna ya kuandaa meza. Sufuria niliwachorea ubaoni."

"Ukawachorea sufuria."

"Na mfuniko wake, Madam."

Raiya alitaka kucheka na alitaka kulia, na kwa kuwa yeye ndiye mwalimu mkuu hakufanya lolote. Na ungemlaumu Joram kwa lipi, jamani? Maagizo yalitaka kila mtoto apike peke yake mlo kamili wa watu wanne, kwa vitu vinavyopatikana kwao. Mwalimu amtazame tangu kunawa mikono hadi kupakua, ampige picha, kisha ampe alama moja kati ya nne. Nne ni kuzidisha matarajio, tatu kufikia, mbili kukaribia, na moja ni mbali na matarajio. Alama hiyo inaingia katika hesabu ya kumpeleka mtoto sekondari ya juu, akasome alichokichagua. Hayo yote yalikuwa yameandikwa vizuri, kwa mistari na visanduku. Jiko tu ndilo halikuletwa. Shule haikuwa na jiko hata moja, na pesa za muhula kutoka serikalini ziliambiwa ziko njiani tangu mwezi uliopita.

"Shule za wenzetu zimefanyaje?" akauliza.

Joram akapunguza sauti, ingawa ofisini walikuwa wawili. "Nimewauliza. Wengi wamekaa mezani wakagawa. Huyu nne, huyu nne, huyu tatu. Picha wamepiga za sherehe ya siku ya wazazi."

Raiya alikuwa kaimu mwalimu mkuu mwaka wa pili huu, na faili lake la kuthibitishwa lilikuwa Malindi, ofisini kwa Bwana Mramba, afisa aliyesimamia mambo ya mtaala. Kukosa alama za darasa zima ni kujichimbia kaburi. Kubuni alama kulikuwa rahisi, dakika ishirini tu na chai juu. Shida ni kwamba Raiya aliupenda mtaala huu. Wenzake walipokuwa wakinung'unika kwenye semina, yeye alikuwa akiandika. Miaka ishirini na miwili alifundisha watoto kukariri, akawaona wenye mikono ya dhahabu wakiondoka shuleni wakijiona wajinga, na alipoambiwa kwamba sasa mtoto atapimwa kwa anachoweza kukifanya, aliamini. Aliamini kama mtoto. Sasa akibuni alama, atakuwa anaamini nini?

"Watapika," akamwambia Joram. "Alhamisi."

"Kwa jiko lipi, Madam?"

Jibu alikuwa nalo. Alilala nalo kitanda kimoja kila siku. Ila kulitoa mdomoni ndiko kulikokuwa kugumu.

*

Mumewe, Hamad, alikuwa mpishi wa harusi. Kuanzia Mambrui hadi Gongoni, mtu akimwoza bintiye bila ya kumpigia Hamad, watu huuliza kuna nini. Pilau ya watu mia tatu, biriani ya mia tano, masufuria ambayo mtoto anaweza kujificha ndani. Jioni ile alikuwa uani, amepiga msuli, anasugua sufuria la harusi ya Jumamosi kwa mchanga na ganda la nazi. Mamake, Bi Mwanatumu, alikuwa mkekani akichambua mchele. Shaima, binti yao, aliyekuwa katika Gredi ya Tisa iyo hiyo ya mamake, alikuwa ndani anakaanga vitunguu vya chajio.

"Baba Shaima, nina shida."

"Ya nyumbani au ya shule?"

"Ya shule."

"Basi mtafute mwalimu."

Raiya akavuta kibao, akakaa karibu naye, akamweleza. Watoto, alama, Ijumaa, majiko. Kwamba kuni anazo yeye, na ujuzi anao yeye, na mtaala wenyewe umesema shule ialike mafundi wa mtaani waje wawafunze watoto. Hamad alisugua mpaka mwisho wa maelezo.

"Huko shuleni kwenu," akasema, "mimi ni mfanyabiashara. Mfanyabiashara ataweza kufunza upishi?"

Raiya akainamisha uso. Alijua lingekuja. Mwaka jana, siku ya wazazi, mgeni mmoja wa ofisini alimuuliza mbele ya watu mumewe anafanya kazi gani, na Hamad amesimama pale pale na kanzu yake nyeupe. Raiya akasema, "Ni mfanyabiashara." Neno lilimtoka haraka hivyo, kama aliyefunika sahani nzi wasitue. Hamad alimaliza soda yake, akarudi nyumbani, na tangu siku ile hakukanyaga shuleni.

"Mfanyabiashara wa nini, mwanangu?" Bi Mwanatumu aliuliza kutoka mkekani, naye hakuwa amesikia habari hii. "Wa moshi?"

"Mama, tuache kidogo," Hamad akasema.

"Niwaache niende wapi? Uani ni kwangu."

Raiya akaona kheri aseme huku mkwewe anasikia. "Nilikuonea haya, Hamad. Walikuwa watu wa suti, na mimi ndiyo kwanza nimepewa kile kiti, nikaogopa wataniona mdogo. Nikakukana. Wallahi tangu siku ile najionea haya mwenyewe. Nisamehe. Hata usipokuja, nisamehe."

Hamad aliendelea kusugua mahali palipokuwa pameshang'aa. Kisha akaweka lile ganda chini.

"Ni wangapi?"

"Arubaini na mmoja."

"Hao ni kilo nne za mchele na mbuzi mdogo. Nawapikia kabla ya adhuhuri."

"La, si wewe upike. Wapike wao. Kila mtoto sufuria yake, ya watu wanne."

"Watu wanne?" Hamad aligeuka akamtazama mkewe kama aliyeambiwa ashone kanzu ya paka. "Watu wanne ni chakula hicho, au ni kuonja?"

*

Jumanne alasiri Joram alikuja nyumbani na maagizo yake kwenye bahasha, akaamkia watu wote shikamoo mara mbili mbili. Walikubaliana Hamad apike kwanza pilau ya watu wanne, Joram atazame na aandike hatua, ili Alhamisi wawaonyeshe watoto. Kazi ya nusu saa.

Nikwambie ukweli, ilikuwa aibu. Hamad hakuwahi kupika nyumbani maisha yake yote. Jikoni ni kwa mamake, kisha kwa mkewe, siku hizi kwa bintiye. Alishika kisufuria cha Shaima kwa vidole viwili, akakitazama ndani, akatia mafuta. Mkono ukamwaga kama ulivyozoea. Akatia vitunguu, navyo vikaelea. Akasema avipunguze, akaongeza nyama. Bizari ya pilau aliichota kwa kiganja, kama anavyoichota miaka thelathini, na alipokumbuka kwamba ni ya watu wanne ilikuwa imeshaingia. Akatia maji ya kuipoza. Mchele ukamezwa na maji. Joram alikuwa akiandika yote, maskini, kwa mwandiko mzuri.

Bi Mwanatumu alionja wa kwanza. Alitafuna polepole, akaliweka tonge kando ya sahani.

"Hamadi, babangu, hii ni pilau au ni dawa ya tumbo?"

Shaima alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Raiya aliuficha uso kwa mtandio. Lakini Hamad hakucheka. Alikaa barazani, mikono mapajani, na masikio yamemwiva.

"Mkono wangu ni wa watu mia tatu," akasema. "Hawa wenu siwajui. Mtafuteni mtu mwingine, Mama Shaima. Mimi nitakutia aibu mara ya pili."

Shaima alirudi jikoni kupika chakula cha kuliwa, maana kile kilikuwa kimeshindikana. Joram akaanza kukunja bahasha yake, na Hamad, bila hata ya kugeuza shingo, akapaza sauti:

"Shaima! Punguza moto, vitunguu vyako vyaanza kuwa vichungu. Na hicho kitunguu thomu umekitia mapema."

Kisha sauti ya Shaima kutoka ndani, "Umejuaje na uko nje?"

Joram akaacha kukunja. "Ndiyo, Mzee. Umejuaje?"

"Si nanusa?" Hamad aliona ni swali la ajabu. "Harusini kuna masufuria kumi na mawili, kila moja na kijana wake. Mimi sishiki mwiko siku hizi, napita tu. Napita nikinusa, naonja kwenye kiganja, namwambia huyu chumvi, huyu umeondoka ukaenda kuangalia ngoma, huyu moto. Nikingoja nione kwa macho, harusi imeshaharibika."

Joram alimtazama Raiya, Raiya akamtazama Joram.

"Basi Mzee," akasema Joram, "usipike. Upite."

*

Alhamisi ile moshi wa shule ulionekana hadi barabara kuu, na watu wawili walipiga simu kuuliza kama kumeungua. Nyuma ya madarasa watoto walipanga mafiga safu nne, kila mmoja na sufuria ya kwao. Kuni zilikuja na mkokoteni wa Hamad. Mwenyewe alikuja nyuma yake na kofia na fulana safi, akasimama kando kama mgeni.

Raiya akapanda juu ya kidato cha ngazi. "Huyu ni Bwana Hamad," akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Ni mume wangu. Ni mpishi, na leo ndiye mwalimu wenu."

"Tunamjuaaa!" watoto wakaitikia kwa pamoja, na kulikuwa na kicheko, maana nusu ya wazazi wao walikula chakula chake siku ya kuoana. Raiya akajua siku zote aliyekuwa akificha ni yeye tu. Alimtazama mumewe. Hamad alikuwa anaangalia kuni, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Kazi ikaanza. Joram alikuwa na simu mkononi akikimbia safu hadi safu, kwa kuwa kila mtoto ni picha nne, na picha ndiyo ushahidi. "Kunawa! Hebu nawa tena, sikukupata." Hamad alipita polepole, mikono nyuma, kama anayetembelea wagonjwa. Alisimama, akanusa, akasema neno moja, akaenda. "Moto." "Koroga." "Usikoroge." Kwa mtoto mmoja Hamad akasema, "Wewe umeweka chumvi mara mbili, na ya pili hukuitaka, mwenzio alikusemesha," na mtoto akabaki mdomo wazi.

Safu ya pili alisimama kwa mtoto aitwaye Sanga, ambaye sufuria yake ilikuwa ikitoa harufu nzuri kuliko zote. Biriani, rangi yake, viazi vyake. Joram alikuwa ameshaiandikia nne kwa penseli.

"Hii imelala," Hamad akasema.

"Nini, Mzee?"

"Chakula hiki kimelala. Kimepikwa jana usiku na mtu mzima, tena fundi. Hapa kimepashwa moto tu." Akamwinamia Sanga, sauti yake ikiwa chini ili wengine wasisikie. "Mpe mama salamu zangu, mwambie biriani yake sina la kuitia. Wewe wajua kupika nini, mwanangu?"

"Mayai," Sanga akasema, machozi yanamlenga.

"Basi tupikie mayai."

Akapika mayai na nyanya na kipande cha muhogo, na alipata tatu yake halali, na akaitembeza shule nzima.

Mwisho wa safu ya tatu alikuwa Kahaso. Babake alilinda shamba la minazi la watu, familia yote imeshuka kutoka Jilore mwaka juzi, na katika hesabu za Joram jina la Kahaso lilikaa chini kabisa ya orodha kila muhula, mpaka orodha isingekuwa sawa bila yake pale. Hakuleta mafuta. Hakuleta nyama. Alikuwa na sima, na kunde zilizoungwa kwa nazi pamoja na mchicha. Hakuuliza mtu chochote tangu asubuhi, na mahali pake palikuwa pamefagiwa.

Hamad alitia mchuzi kidogo kiganjani, akaonja. Akaonja tena, jambo ambalo hakulifanya kwa sufuria nyingine yoyote.

"Nani aliyekufundisha?"

"Hakuna. Nawapikia wadogo zangu."

"Kila siku?"

"Mama akienda kibaruani."

Hamad akamgeukia Joram. "Nne."

Joram akafungua maagizo. "Mzee, mafuta hakuna..."

"Nazi ni nini? Kiambie kitabu kije kionje."

Joram akahesabu kwa vidole, wanga upo, protini ipo, mboga ipo, mafuta ya nazi yapo, akaandika nne. Kahaso akachungulia daftari. "Nne katika ngapi, mwalimu?"

"Katika nne."

"Yaani zote?"

"Zote, Kahaso."

Hakusema asante, hakuruka. Alikaa chini karibu na sufuria yake na kuifunika vizuri, kisha akauficha uso katika magoti, na Joram ikabidi ajifanye anatafuta peni.

Shaima alikuwa safu ya nne, na alikuwa amepika pilau. Angepika nini tena, binti Hamad? Tangu asubuhi alijua kwamba macho yote yako kwake, na kila Joram alipopita na simu, alifunua mfuniko, akatabasamu. Picha ya kwanza macho yalifumba, wakarudia. Ya tatu moshi uliingia katikati, wakarudia. Mfuniko ulifunuliwa mara saba.

Hamad hakuonja. Alitazama juu juu, akatia mwiko hadi chini. Juu mashendea, majimaji kama uji, katikati mchele wenye kiini, chini umeungua.

"Mbili," akasema.

"Baba!" Shaima alifikiri ni mzaha. "Mbili?"

"Unakaribia."

"Lakini ni picha, Baba! Mwalimu ndiye alisema nifunue!"

"Kweli, Mzee," Joram akasema, "hapo kosa ni langu."

"Mchele haujui kosa ni la nani." Hamad aliongea taratibu, akiurudisha mfuniko juu ya sufuria. "Ukifunuliwa, umefunuliwa. Mwanangu, ningekuwa na nyingine ningekupa."

Shaima alikwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Raiya, aliyekuwa nyuma ya Joram, alipiga hatua mbili kumfuata, kisha akarudi, maana walibaki watoto tisa na sufuria zao zinachemka.

*

Ijumaa, saa nane, jumla ilikuwa hivi: waliozidisha matarajio watano, waliofikia kumi na saba, wanaokaribia kumi na watano, na walio mbali wanne. Joram alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, data zimewekwa kwa simu ya Raiya, wakaanza kuingiza jina kwa jina. Hawajafika nusu, simu ikalia.

"Mwalimu Raiya, habari za Mambrui?" Alikuwa Bwana Mramba. Sauti yake ilikuwa ya upole, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. "Hapa naona alama zako zikiingia. Mbona hivi?"

"Hivi vipi, bwana?"

"Mbili, mbili, moja. Mwalimu, shule za eneo lako zote zina nne na tatu tupu. Ya kwako itakaa peke yake huko chini kama yatima. Watakaoisoma ile taarifa watajua una watoto waliopika? Watajua una watoto walioshindwa."

"Wamepika kweli, Bwana Mramba."

"Sikatai. Nakusaidia tu, dada yangu. Faili lako liko mezani hapa, wiki ijayo tunalijadili. Ongeza moja moja. Mwenye mbili awe tatu, mwenye tatu awe nne. Nani atakuuliza?" Akamuaga kwa heshima, akakata.

Joram alikuwa ameacha kuandika. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa, alisikia yote. Kwenye kioo jina lililofuata lilikuwa la Shaima Hamad, na kisanduku chake kitupu.

Raiya akakaa. Usidhani hakutaka. Alitaka sana. Shaima jana hakula chajio, alimpita babake mlangoni bila kumwamkia, na ile moja ya kuongeza ingemaliza yote: Shaima angepata tatu, yeye angethibitishwa, Mramba angefurahi, na mchele ungebaki siri ya kuku walioula. Alimpigia Hamad.

"Wanataka nipandishe kila mtu moja," akasema. "Ungekuwa wewe?"

Hamad alikuwa sokoni, kelele nyuma. "Mimi nimeshaonja, Mama Shaima. Kazi yangu imekwisha. Kiti ni chako."

"Wajua Shaima atakuwa tatu?"

"Najua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya baba mwenye uchungu. "Fanya utakaloweza kulala nalo."

Raiya akaweka simu chini. Akasogeza orodha juu kwa kidole, akashuka nayo, jina hadi jina, akiziona akilini mbili zote zikigeuka tatu, na tatu zote zikigeuka nne. Alipofika kwa Kahaso akasimama. Nne. Huyu hana pa kupandishwa.

"Joram," akasema, "nikimpandisha kila mtu moja, Kahaso nitampa nini?"

Joram akatikisa kichwa.

"Miaka yote huyu mtoto hatujampa kitu. Amepata kimoja. Nitakichukua nikigawe?" Akajifuta macho kwa upindo wa mtandio, bila kujali kwamba Joram anamwona. "Andika kama zilivyo. Anza na Shaima. Mbili."

Saa kumi na nusu walibonyeza, na mtandao ukakubali.

*

Jumanne ililetwa barua. Mstari wa tatu ulisema kwamba kaimu mwalimu mkuu atoe maelezo kwa maandishi, katika muda wa siku mbili, kwa nini alama za mapishi za shule yake ziko chini ya zile za shule jirani, na kwamba suala la kuthibitishwa kwake litangojea maelezo hayo.

Aliandikia nyumbani, mezani, jua likiwa bado linaingia dirishani. Karatasi ya kwanza alianza na changamoto za utekelezaji wa mtaala wa umilisi, upungufu wa walimu, ukosefu wa vifaa. Yote kweli, na alipoisoma aliona anaomba radhi. Akaichana. Ya pili aliwasifu watoto, akaona anajitetea. Akaichana nayo. Bi Mwanatumu alikuwa akiviokota vipande na kuviweka kando vya kuwashia moto.

Uani Shaima alikuwa amewasha jiko. Siku tatu hakusema na babake. Ya nne, Jumatatu, alirudi kutoka shule, akafunga kanga kiunoni na kupika pilau ya watu wanne, ikaharibika. Leo alikuwa anapika nyingine. Hamad alikaa kwenye kibao karibu naye, ameipa sufuria mgongo.

"Nifunue?" Shaima akauliza.

"Wewe wanusa nini?"

"Mchele."

"Basi bado. Mchele ukiwiva hunusi mchele."

"Na alama zenyewe zimeshakwenda," Shaima akasema kwa hasira, lakini mkono hakuupeleka kwenye mfuniko.

"Zimekwenda," Hamad akakubali.

Raiya aliwasikiliza. Kisha akachukua karatasi ya tatu, akaandika mstari mmoja na kuweka kalamu chini. Hamad aliingia kutafuta kiberiti, akamwona amekaa tu, akauliza kama amemaliza. Raiya akamsogezea. Hamad alikomea darasa la tano, na husoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Alama ziko hivi," akasoma, "kwa sababu kila mtoto alipika sufuria yake kwa mkono wake, na kila sufuria ilionjwa."

Akarudia kimya kimya, midomo ikisogea. "Basi?"

"Basi."

"Watakuthibitisha kwa hii?"

"Sidhani."

Hamad akaiweka karatasi mezani polepole, akainyoosha pembe iliyokunjika. "Weka jina lako," akasema.

Raiya akaandika jina, na chini yake cheo, Kaimu Mwalimu Mkuu, herufi kubwa, bila kuharakisha lile neno la kwanza kama alivyozoea. Huko uani Shaima alikuwa anaita kwa sauti ya juu kwamba hanusi tena mchele, je, afunue au asifunue, na baba na mama wakatoka pamoja kwenda kuona.